MLIMA TUNAOUONA KILA SIKU: NJIA ZA MLIMA ELGON

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Kila mwaka wanachama wetu wanapoketi kujadili safari ya chama, majina yanayotajwa ni yale yale: Mombasa, Nakuru, Kisumu na Nairobi. Mlima Elgon hautajwi hata kidogo. Lakini asubuhi ya anga safi baada ya mvua, ukisimama Malaba karibu na foleni ya malori na kutazama kaskazini, mlima uko pale pale, umejinyoosha kama fahali aliyelala. Wageni kutoka Uholanzi na Ujerumani hukata tiketi za ndege kuja kuukwea. Sisi ambao mvua yake hutulowesha tunaujua kwa jina tu. Je, ni haki?

Ndugu msomaji, katika makala haya ninanuia kukueleza mlima huu ni wa aina gani, njia zake ni zipi, hatari zake ni zipi, na kwa nini ninasema kwamba anayeishi Busia au Malaba ana sababu kubwa kuliko mgeni ya kuzijua njia hizo.

VOLKANO ILIYOLALA USINGIZI WA MILELE

Mlima Elgon ni volkano iliyozima. Ulianza kujengeka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kwa hivyo Kilimanjaro na Mlima Kenya ni vitoto mbele yake. Kwa muda mrefu ulitapika lava na majivu, tabaka juu ya tabaka, hadi tako lake likawa na upana wa kilomita 80 hivi. Ndiyo sababu hauna ncha kali kama mlima unaochorwa na mtoto wa darasa la kwanza. Umetandaa.

Baadaye chumba cha chini kilichokuwa na mawe ya moto kilipungukiwa, paa lake likaporomoka. Kileleni pakabaki shimo kubwa mno ambalo wanajiografia huliita kaldera. Kaldera ya Elgon ina upana wa kilomita 8 hivi, nayo ni miongoni mwa zile kubwa zaidi duniani ambazo kuta zake bado zimesimama. Vilele vyote vimepangwa ukingoni mwa shimo hilo kama meno. Kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda. Upande wetu kinachopandwa zaidi ni Koitobos, mita 4,222. Mpaka wa Kenya na Uganda hupita juu kabisa. Kwa hivyo mpaka ule ule unaotutenganisha na ndugu zetu pale penye geti la forodha huendelea hadi mawinguni, ambako hakuna geti wala lori. Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda huuita mlima huo Masaba, na wote hujiita watoto wa Masaba.

Wanafunzi wengine husema, "Mlima wa volkano wa kutembelewa ni ule wa kisiwani, kama Karthala kule Ngazidja, Visiwa vya Komoro." Ni kweli Karthala ni mlima wa ajabu, na bado uko hai, maana mwaka wa 2005 ulilipuka na kumwagia vijiji majivu. Lakini hebu tufikiri. Elgon nao ni kisiwa, ila bahari yake si ya maji. Ni bahari ya joto. Huku chini pande zote ni joto la mahindi, mihogo na mtama. Huko juu ni baridi, na kuna mimea isiyoweza kuishi huku kwetu hata siku moja. Lobelia na senesio zile kubwa kuliko mtu humea katika milima mirefu ya Afrika Mashariki pekee, kama vile Elgon, Mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori. Kila mlima una jamii zake za mimea, kama kisiwa kilivyo na watu wake.

NJIA NI NINI?

Kwetu mpakani ukitamka neno "njia", mtu hucheka, kwa maana anafikiria njia za panya, zile za kupitishia sukari na mafuta gizani. Huku ndiko pia boda boda zilikozaliwa, baiskeli zilipoanza kubeba watu kutoka boda hadi boda. Sisi ni watu wa njia za mkato. Mlimani mambo si hayo. Njia ya mlimani ni ile iliyokanyagwa na wengi, inayojulikana na askari wa mbuga, ambayo ukipotea mtu anajua pa kukutafuta. Njia za panya zipo pia, za wawindaji na wakata miti, nazo hukatika ghafla penye korongo au penye nyati. Mkataa la mkuu huvunjika guu, na mlimani guu huvunjika kikweli.

Njia zinazojulikana zaidi ni hizi.

Kwanza ni njia ya Chorlim. Kutoka Malaba unapanda matatu hadi Bungoma, kisha Kitale, kisha Endebess, na baada ya hapo lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka wa 1968. Ndani ya mbuga kuna njia fupi za kufika mapangoni. Kuna pia barabara mbovu inayopanda hadi Koroborte, takriban mita 3,500 juu ya bahari. Kutoka hapo ni miguu tu hadi Koitobos. Mwenye nguvu huondoka alfajiri na kurudi jioni. Palepale mbugani, mahali paitwapo Kapkuro, pana vibanda vya kulala.

Pili ni njia ya Kimilili. Hii hupitia Kapsakwony na msitu wa Kaberwa, ikaelekea nyanda za juu za Chepkitale. Ni njia ya upweke na huhitaji mwenyeji anayeijua. Chepkitale ni nyumbani kwa Waogiek, wafugaji na warina asali. Mnamo Septemba 2022 mahakama mjini Bungoma iliamua kwamba ardhi hiyo ni yao. Basi ukipita huko usijidhani uko porini tu. Uko katika uwanja wa watu. Piga hodi.

Tatu ni njia ya Sasa, upande wa Uganda. Unavuka Malaba, unapita Tororo na Mbale, unafika Budadiri. Hiyo ndiyo njia ya karibu zaidi ya kufika Wagagai, nayo ni kali. Siku ya kwanza peke yake mtu hupanda zaidi ya mita 1,600. Kwenda na kurudi ni siku 4 kwa kawaida.

Nne na tano ni njia za Sipi na Piswa, zote za Uganda. Ya Sipi huanzia karibu na maporomoko ya maji ya Sipi, na ya Piswa huanzia Kapkwata. Ni ndefu kuliko Sasa lakini mwinuko wake ni wa taratibu, kwa hivyo humfaa asiye na haraka.

Wapo wanaopanda upande mmoja na kushukia upande wa pili, yaani huondoka Uganda na kutokea Kenya. Hilo hukubaliwa tu likipangwa mapema na wakuu wa mbuga za nchi zote mbili pamoja na maafisa wa uhamiaji. Hata kwenye mawingu, kitambulisho ni kitambulisho.

Kwa asiyeweza hata moja ya hizo, kuna Jabali la Tororo, ambalo kila mtu wa Malaba hulitazama akielekea Uganda. Nalo ni masalio ya volkano ya kale, shingo iliyobaki baada ya mwili kuoshwa na mvua. Pamewekwa ngazi penye miinuko mikali. Mtu anaweza kulipanda na kushuka kabla ya chakula cha mchana. Ni mazoezi mazuri.

NGAZI YA MIMEA

Jambo linalovutia katika njia hizi ni kwamba unapanda kama mtu apandaye ghorofa, na kila ghorofa ina wapangaji wake. Chini kabisa ni mashamba ya mahindi, ndizi na kahawa. Kisha unaingia msitu wa miti mikubwa, mitarakwa na podo, ambako mbega weusi wenye mikia myeupe hurukaruka juu yako. Unafuata ukanda wa mianzi. Mianzi hii ndiyo huzaa malewa, yale machipukizi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa njugu zilizosagwa. Wengi wetu tumekula malewa katika sherehe za Wabukusu na Wagisu bila kuuliza yametoka wapi. Yametoka kwenye njia hizo.

Juu ya mianzi miti huwa mifupi, imefunikwa ndevu za kijivu. Juu zaidi ni uwanja wazi wa nyasi ngumu, lobelia na senesio. Huko usiku ni baridi kali na mchana jua huchoma. Mimea hii imejifunza kuishi. Usiku lobelia hufunga majani yake kama mtu ajifunikaye blanketi, na senesio haiachi majani yake makavu yaanguke, bali huyavaa shinani kama koti. Huo ni ufundi ambao hakuna mwalimu aliyeufunza.

HOFU YA WAZAZI

Sasa tuseme ukweli. Mwanafunzi akifika nyumbani na barua ya safari ya Mlima Elgon, mama atauliza maswali matatu. Je, baridi? Je, wanyama? Je, yale mapango ya ugonjwa? Maswali hayo si ya kijinga, na mzazi anastahili kujibiwa.

Tuanze na baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu. Malaba na Busia ziko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Koitobos iko mita 3,000 juu yetu. Kwa hivyo kama hapa shuleni ni nyuzi 30, kule juu ni kama 10, na hiyo ni mchana. Usiku maji huganda. Hewa nayo ni nyepesi. Katika kimo cha mita 4,300 mtu hupata oksijeni kama sehemu tatu kwa tano za ile aipatayo pwani. Ndipo kichwa huuma, tumbo huchafuka na usingizi hupotea. Dawa ya kwanza ni kupanda polepole, maana haraka haraka haina baraka. Dalili zikizidi, dawa ni moja tu, kushuka. Hakuna kujikaza, hakuna kuona haya. Anayejikaza huwaletea wenzake mzigo wa kumbeba.

Mavazi yanayotakikana yapo kwenye mitumba ya soko la Busia: sweta nzito, kofia ya kufunika masikio, soksi mbili mbili na koti la mvua. Gambuti hufaa kwa matope ya msituni. Viatu vya shule havifai. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, wakati mvua imepungua.

Pili, wanyama. Nyati na ndovu wapo, ingawa ndovu si wengi kama zamani. Ndiyo maana hatutembei bila askari wa mbuga mwenye bunduki, wala hatutembei usiku, wala hatupigi kelele kama tuko uwanja wa mpira.

Tatu, mapango. Maarufu zaidi ni Kitum, linaloingia mlimani mita 200 hivi. Mengine ni Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Mwamba wa mapango haya ulitokana na majivu ya volkano na una chumvi. Kwa vizazi na vizazi ndovu wamekuwa wakiingia Kitum gizani, wakipapasa kwa mikonga, wakichimba ukuta kwa pembe na kula chumvi. Kwa njia hiyo wamelipanua pango. Watu nao waliishi katika mapango ya Elgon pamoja na mifugo yao, na msafiri Mskoti Joseph Thomson aliyakuta mwaka wa 1883.

Ni kweli pia kwamba mwaka wa 1980 na tena mwaka wa 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum waliugua ugonjwa wa Marburg na kufariki. Marburg ni virusi vya jamii moja na Ebola. Baadaye wataalamu waligundua kwamba virusi hivyo huishi katika aina fulani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Mwaka wa 2017 ugonjwa huo ulizuka tena upande wa Uganda, katika wilaya ya Kween, na watu 3 wakaaga dunia. Hatuna haja ya kulificha jambo hili. Lakini pia tusilifanye jini. Maelfu ya watu wamezuru mbuga hiyo wakarudi salama. Tahadhari kabla ya hatari: tazameni pango kutoka mlangoni, msiingie gizani walikolala popo, msiguse popo wala kinyesi chake, msile wala kunywa mapangoni, na mnawe mikono kwa sabuni mtokapo. Mwalimu anayeongoza safari akisema "mwisho hapa", iwe ni mwisho.

MLIMA UNATUJIA HATA TUSIPOUENDEA

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mtu anaweza kusema, "Mimi si mtalii, mlima haunihusu." La hasha!

Fuata maji. Kutoka katika kaldera yenyewe hutoka mto Suam, ambao huteremka kaskazini, ukaitwa Turkwel, ukazungusha mitambo ya umeme ya Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Kutoka ubavu mwingine hutoka mto Malaba, ambao huku juu huitwa Lwakhakha. Huo ndio mpaka wenyewe, ule tunaouvuka kwa daraja. Maji yake huelekea mto Mpologoma, Ziwa Kyoga na hatimaye Naili hadi Misri. Kutoka ubavu wa kusini mashariki maji hujiunga na Nzoia, ambao hupokea pia maji ya milima ya Cherangani, ukapita Budalangi katika kaunti yetu ya Busia na kuingia Ziwa Viktoria. Mlima mmoja, maziwa matatu!

Basi msitu ukifyekwa kule juu na njia za panya zikageuka mifereji, udongo hauna wa kuushika. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Bududa, upande wa Uganda, ikafukia watu wengi wakiwa hai. Novemba 2024 msiba kama huo ukatokea Bulambuli. Mwezi wa Mei 2020 Nzoia ilivunja kingo zake, na maelfu ya watu wa Budalangi wakahama na magodoro kichwani. Katika madarasa yetu wamo wanaojua kulala kambini ni nini. Sisemi kwamba kila mafuriko yameletwa na shoka. Mvua nyingi ni mvua nyingi. Lakini mlima wenye msitu hunywa mvua kama sifongo na kuiachilia polepole. Mlima wenye kipara huitupa yote mara moja, na sisi tulio chini ndio tunaoipokea.

Kwa sababu hiyo ninasema kwamba njia ya mlimani si ya mtalii pekee. Mtu akitembea kutoka shamba hadi msitu, hadi mianzi, hadi chemchemi, huona kwa macho yake kitu ambacho kitabu cha Jiografia hukitaja kwa mistari minne. Huona mahali ambapo msitu umekwisha na mtaro umeanza. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini lazima kwanza ayapeleke macho yake huko.

PENDEKEZO

Kwa hivyo, wanachama wenzangu na walimu wetu, napendekeza mambo matatu.

Mosi, safari ya mwaka ujao iwe Mlima Elgon kupitia Chorlim, siku mbili, mwezi wa Februari. Hatuhitaji kufika kileleni. Tutembee msituni, tulione pango la Kitum kutoka mlangoni, tulale Kapkuro, na kesho yake wenye afya nzuri wapande hadi ukanda wa lobelia na kurudi. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, wazazi waitwe mapema waelezwe yote haya, pamoja na habari za popo, wasije wakayasikia njiani.

Pili, kabla ya safari tujizoeze kutembea. Anayepanda boda boda kutoka nyumbani hadi shuleni kila siku asitarajie mlima umwonee huruma.

Tatu, tukirudi, kila mwanachama aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu alichokiona. Kurasa hizo zisomwe katika gwaride la shule, na nakala ipelekwe shule za Budalangi. Wao ndio wanaoishi mwisho wa njia ile ile ya maji, na wana haki ya kujua mwanzo wake ukoje.

Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mlima hauna miguu ya kutujia, isipokuwa ule mguu wake wa maji, na huo ukija haubishi hodi. Afadhali sisi twende kwanza.